Anza na Chumvi

Binamu wa mhariri alimwambia bosi kwamba ile skripti ya kompyuta ya kupanga mapishi kaiandika yeye, na mhariri mwenyewe alikuwa kasimama pale pale mlangoni, vikombe vya chai mkononi. Akaviweka mezani. Lakini moyoni, weee! Huyu yeye ndiye aliyemtafutia kazi, akamfundisha mpaka kuandika amri za kompyuta, na sasa ukuu wa kitengo alioungoja miaka unampita hivi hivi anauona. Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Atanijua, akajiapiza.

Tena binamu mwenyewe aliiba vibaya. Faili la kitabu cha mapishi cha mteja lilikuwa refu, kila pishi na kichwa chake, mistari yake chini. Kompyuta ukiiambia ipange kialfabeti, inapanga mstari mmoja mmoja, haijui pishi ni nini. Kwa hiyo mhariri alikuwa na skripti tatu: moja inafunga kila pishi liwe mstari mmoja mrefu, ya pili inapanga, ya tatu inafungua. Siku aliyomwonyesha binamu, kufunga alikuwa keshamaliza mapema, kama kawaida yake. Binamu aliona ya pili tu, akanakili hiyo hiyo. Mhariri alijua, akanyamaza, akatia nakala ya faili na skripti zake tatu kwenye flashi.

Siku ya kumwonyesha mteja, binamu alikuja kavaa tai. Akabonyeza. Ukutani, palipomulikwa faili, pakajaa "Chumvi kijiko kimoja" kurasa kwa kurasa, kisha "Koroga", "Koroga", na vichwa vya mapishi vimetapakaa kama mayatima. Mteja akauliza kama hicho ndicho kitabu alichoagiza. Binamu akamgeukia mhariri aliyekaa nyuma.

"Dada, nisaidie."

"Kwani skripti ya nani?"

Bosi alikuwa anamtazama.

"Yako," binamu akasema, kwa sauti ndogo.

Mhariri alisikia raha, wala hakuificha. Akachomeka flashi, akafunga, akapanga, akafungua, na kila pishi likarudi na chumvi yake. Cheo akapewa papo hapo. Bosi alitaka kumfukuza binamu, mhariri akamwombea abaki, akasifiwa kwa huruma.

Huruma ya wapi? Kesho yake alimkabidhi lile faili lililovurugika, arudishe kila mstari kwenye pishi lake, kwa mkono. Binamu akauliza ya nini, na kitabu kizima kipo.

"Si kazi yako hiyo?" akamjibu. "Anza na chumvi."