Nafasi ya Mzee Kitambi

Ukuta aliuanzia chini, kama fundi mwashi. Tofali juu ya tofali, kwa kalamu nyembamba ya wino, mpaka nyumba ikasimama kwenye karatasi ikiwa na dirisha na kizingiti. Ndipo akachukua wembe na kuanza kuikwangua: paa kwanza, kisha kona, kisha nusu ya mlango. Wengine huchora gofu moja kwa moja, likatokea kama rundo la viazi. Yeye hakuweza kubomoa kitu ambacho hakijajengwa.

Kaka yake alimbandika jina la Pazia, nalo likamkaa. Kaka ndiye aliyemchora Mzee Kitambi, bwege wa katuni ya gazetini ambaye watu walimsoma kabla hawajafika kwenye matangazo ya vifo. Pazia alichora vilivyobaki: kuta, mitaro, kamba za nguo, mbwa wa mbali. Kazi ya mandhari ni kuwepo bila kutazamwa. Mistari yake iwe myembamba kuliko ya Kitambi, na katikati ya kila kisanduku aache nafasi nyeupe ambamo kaka angekuja kumsimamisha mzee wake. Miaka yote mkono wake uliiacha nafasi hiyo wenyewe, kama mtu anavyosogea kitandani kumpisha mwenzake.

Wiki hiyo kichekesho kilikuwa hivi: tingatinga linavunja mtaa mzima, Kitambi kalala fofofo, anaamka katikati ya vifusi, anajinyoosha, anasema afadhali leo kuna hewa. Mhariri alicheka mpaka akavua miwani. Kaka alimweleza Pazia kwamba mkuki wa kichekesho hicho unawalenga wakubwa. Pazia aliuliza tu visanduku vingapi.

Mtaa wenyewe ulikuwa wao. Ulivunjwa asubuhi, watu wakiwa bado na miswaki mdomoni. Mheshimiwa aliyetia saini amri ya kuuvunja aliwahi kusimama kwenye ngazi ya jirani yao mshona nguo kuomba kura, akanywa maji ya mshona nguo, akamwita mama. Siku ya tingatinga alikuwa safarini. Wa namna yake huwa safarini siku kama hizo. Pazia hakulia siku ile wala baadaye. Alihamia na mama yao kwenye chumba cha kupanga, akaweka meza ya kuchorea chini ya dirisha, akaendelea. Alikula akiambiwa ale. Moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Mama alikuwa kitandani akikunja nguo. Aliuliza leo wanachora nini. Pazia akasema mtaa.

"Mtaa gani?"

"Wetu, mama. Ulivyovunjwa."

Mama alikunja shuka, akaiweka. Kisha, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia, akasema mlango wa mshona nguo ulifunguka kwa nje. Pazia akaurekebisha. Mama akasema bomba lilikuwa limeinamia upande wa kinyozi, si upande huo. Pazia akaliinamisha. Akataja ngazi iliyomeguka, karai la jirani lililotobolewa likapandwa maua, ukuta ambao watoto waliupimia urefu kwa mkaa. Kila alichokitaja kilipata mahali. Hakuna aliyeinua sauti. Ungewasikia kutoka nje ungedhani wanapanga vyombo kabatini.

Kaka alifika jioni na kalamu yake nene mfukoni, akiwa na haraka ya kuwahi kiwanda cha uchapaji. Alimwamkia mama, akavuta kigoda, akaisogeza karatasi. Akaigeuza huku na huku. Akatafuta kisanduku cha kwanza, cha pili, cha mwisho.

"Pazia, mzee nitamweka wapi?"

Pazia akatazama. Palikuwa pamejaa. Kila tofali lililovunjika lilikuwa mahali pake, na hapakuwa na weupe wa kutosha hata kwa kofia ya Kitambi. Hakuwa amekusudia. Alikuwa amesahau, sawasawa na mpishi anayesahau moto.

Kaka alicheka kidogo, akatoa kichupa cha rangi nyeupe. Akasema si neno, ataifuta ngazi hii tu.

"Hiyo usifute," Pazia alisema.

"Mdogo wangu, ni katuni. Watu wanataka kucheka."

"Mchore pembeni."

"Pembeni hachekeshi. Pembeni ni mpita njia."

Simu yake ikaanza kulia mezani. Alikuwa mhariri, jina lilionekana. Kaka alifungua kichupa, brashi ikaja juu ya ngazi ya mshona nguo. Pazia aliweka kiganja juu ya karatasi, bila nguvu, wino mbichi ukamshika. Hapo mama alisema kutoka kitandani:

"Huyo mzee wako, mwanangu, alikuwa anakaa nyumba ipi?"

Kaka alifikiri ni utani. Aligeuka akiwa na jibu la utani tayari, akamkuta mama anangoja kweli, nguo mapajani. Miaka yote alikuwa hajawahi kumpa Kitambi nyumba. Alimpa tumbo, kofia, na usingizi.

"Hakuwa na nyumba pale," alisema.

Mama aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukunja.

Simu ilinyamaza, ikalia tena. Kaka alikifunga kichupa. Akatazama kisanduku cha mwisho, ambako nyuma kabisa, baada ya bomba, palikuwa na kipande cha ukuta ambacho Pazia hakuwa amekifikia. Akaomba kalamu nyembamba. Pazia akampa, naye akainama, akaweka tofali la kwanza. Vidole vilikuwa vimezoea mistari minene, na tofali likatoka limepinda.

"Ukuta huo uliegemea upande wa barabara," mama alisema.

Akaliegemeza. Simu iliendelea kulia, na Pazia akaisogeza mbali kidogo na mkono wa kaka yake, isije ikatikisika ikamwaga wino.