Ya Nane ni Yangu

Usiku wa jana, baada ya kubishana na shangazi Subilaga mpaka chai ikapoa, niliota nashuka basi China.

Lazima niseme tulibishania nini, maana ndoto ilianzia hapohapo. Kesho Jumamosi binamu yangu Lusajo anaoa. Kesho hiyohiyo mimi nina tiketi ya ndege, niliyoisubiri miaka sita, ya kwenda kuzunguka na begi mgongoni kusini mwa China, kwenye vile vimji vya kando ya mto ambavyo nimevibandika ukutani mpaka karatasi zimepauka. Jana jioni shangazi alikuja kwangu Uyole na sufuria ya ukoo, ile ya pilau ya watu mia mbili, akaitua barazani.

"Tumpe mwanangu, safari ipo tu," akasema. "Milima haihami. Harusi bila wewe jikoni tutaaibika." Nilibisha, lakini hakungoja nimalize. Huwa hangoji.

Basi naota nashuka. Mji ni mdogo, mto unapita katikati yake bila haraka, na vilima vya chokaa vimesimama wima pande zote kama marobota ya mitumba yaliyopangwa na mtu anayewahi msiba. Jina la mji limeandikwa kwenye kibao, lakini kila ninapolisoma linakuwa jingine. Sijali. Kinachonisumbua ni begi. Ni zito kupita kiasi.

Nalifungua. Ndani, juu ya soksi zangu, ipo sufuria ya ukoo, inachemka.

"Funga," begi linasema kwa sauti ya shangazi. "Unaingiza baridi, wali hautaiva."

Nikafunga. Mkanda wa kifuani ukajikaza wenyewe tundu moja.

Kwenye lango la mji alisimama bwana mmoja mwenye suti ya kijivu na muhuri mkononi. Alisema Kiswahili cha taarifa ya habari, na mimi sikuona ajabu.

"Karibu sana dada. Mimi ni Bwana Mo, Afisa Mandhari. Hapa tuna kanuni moja tu. Mgeni akipigwa picha nane na watalii, anakuwa mandhari. Mandhari haiondoki."

"Haiondoki kwenda wapi?"

"Popote. Ingekuwa inaondoka, watu wangekuja kutazama nini?" Akanionyesha kilima cha kushoto. "Yule alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Ujerumani. Tazama mianzi alivyoota."

Kilima kikanipungia mkono. Kwa kuwa nimelelewa, nami nikakipungia.

Nikaingia mtaani nikiwa na nia ya kujificha. Lakini utajifichaje mji mzima ukiwa umevaa kofia za nyasi na wewe umevaa kilemba cha kitenge? Hatua kumi tu, familia ya watalii ikanizunguka: baba, mama, bibi na mwavuli.

"Dada, samahani, picha moja," anasema mama, ameshapiga.

Ananionyesha simu. Mle ndani sipo mtaani. Nipo kwenye harusi ya kaka Ambakisye, pembeni kabisa, nimeshika mwiko, kichwa kimekatwa nusu.

"Hii si ya hapa," nikamwambia.

"Umetoka vizuri," ukasema mwavuli.

Ya pili ilipigwa na wanafunzi wawili. Humo nipo harusi ya dada Atupele, nimebeba sinia, macho mekundu kwa moshi. Ya tatu, harusi ya mjomba, ile ya pili aliyoifanya kwa siri na bado nikaipikia. Goti langu likaota kuvu ya kijani. Ya nne, mizizi ikanitoka kwenye kidole gumba cha mguu, ikawa inapapasa mawe ya barabara. Ilipofika ya tano, muuza machungwa akafungua meza begani kwangu.

"Samahani baba, hapa ni begani kwa mtu."

"Najua," akanijibu kwa upole, anapanga machungwa. "Panapata upepo."

Ya sita. Ya saba. Harusi saba, na katika zote saba nipo pembeni na mwiko. Hakuna hata moja niliyokaa kwenye kiti. Nilitembea hivyohivyo, miguu ikiwa mizito kama ya mtu aliyevaa ndoo, mpaka mtaa ukaisha ghafla na kuwa ukumbi wa sherehe wa Uyole, kamati nzima imeketi, nao wakaniuliza kwa pamoja vitunguu viko wapi. Nikafungua mlango wa stoo kuvitafuta. Nyuma ya mlango ulikuwepo mto.

Chelezo cha mianzi kilifungwa kando. Juu yake aliketi mama mmoja mtu mzima, mabuti ya mpira miguuni, jina lake Bibi Qin, mvuvi. Mbele yake alisimama mnandi, ndege mweusi mwenye shingo ndefu, na shingoni amefungwa uzi wa nyasi asiweze kumeza samaki.

Ndege anazama, anaibuka na samaki, anamtema kwenye kikapu. "Mmoja," anasema. Anazama tena. "Wawili." Nikasimama nikamtazama akihesabu, mpaka akasema, "Saba." Akafika ukingo wa chelezo, akakaa, akampa Bibi Qin mgongo.

"Amegoma?" nikauliza.

"Amegoma nini? Amemaliza," alisema Bibi Qin. "Saba wa nyumba, wa nane wake. Ndivyo tunavyovua hapa. Nisipolegeza uzi, ndege huyu hayatazami maji hata nizeeke mara ya pili."

Akalegeza. Mnandi akazama, akaibuka na wa nane, akammeza polepole mbele ya watu wote, akacheua.

"Ugonile," akanisalimia kwa Kinyakyusa. "Na wewe wa kwenu umevua wangapi?"

"Saba," nikasema.

"Na huo uzi?"

Alikuwa anautazama mkanda wa begi kifuani kwangu. Hapo nikakasirika. Sikumkasirikia ndege, nilijikasirikia mwenyewe. Mwaka wa kumi na tatu huu napuliza moto wa harusi za watu, na kiumbe mwenye ubongo wa punje ya karanga ameshajua hesabu ya haki yake.

Kelele zikatoka juu. Bwana Mo anateremka ukingoni na umati wa watalii, kamera ya miguu mitatu na utepe wa kukata. Mafundi wameshajenga kidirisha cha tiketi kwenye kisigino changu cha kushoto.

"Dada, tazama hapa," anasema. "Ya nane. Hata jina tumekupa: Kilima cha Dada Asiyechoka."

"Nimechoka."

"Haidhuru. Kibao kimeshachongwa."

Nikang'oa mizizi yangu, mmoja baada ya mwingine, na iliuma. Nikapanda chelezo. Nikakaa ukingoni kando ya mnandi, nikawapa mgongo.

"Ya nane ni yangu," nikasema.

Umati ukazunguka upande wa pili. Nikageuka. Wakazunguka tena. Nikageuka tena, na mnandi akageuka nami. Muuza machungwa, bado begani, akalalamika kwamba bidhaa zinamwagika.

"Tumpe!" Begi hilo. "Geuka, watu wanangoja. Unatia ukoo aibu."

"Ukoo una mikono," nikaliambia. "Ukamenye vitunguu."

Bwana Mo akafungua kitabu cha kanuni kutafuta adhabu. Kitabu kikakohoa.

"Nenda ukurasa wa mwisho," kikasema. "Miaka yote unaishia wa kwanza."

"Umeandikwa nini?"

"Saba za watu, ya nane ya mwenyewe. Ila haletewi. Sharti aidai kwa mdomo wake, na wasikie."

Nikasimama juu ya chelezo. Sijawahi kupiga kelele mbele ya watu maishani mwangu. Kwenye vikao vya kamati huwa nakaa karibu na mlango. Nikavuta pumzi mpaka mkanda ukalia.

"Ya nane ni yangu!"

Kilima cha mwalimu wa Ujerumani kikasikia. Kikageuka, taratibu, mawe yanasaga, kikawapa watalii mgongo. Cha pili kikageuka. Kisha vyote, mto mzima, safu kwa safu. Watu wakashusha simu. Hapakuwa na kitu cha kupiga.

Bibi Qin akanifuata, akaushika mkanda wangu kwa vidole vilevile vya kushikia uzi, akaulegeza. Alikuwa hana maneno mengi. "Pumua," akasema.

Nikafungua begi. Nikaitoa sufuria ya ukoo, inachemka, nikaitua ukingoni mbele ya Bwana Mo.

"Pigeni hii."

Kamera ikawaka. Sufuria ikavimba, ikapanda, ikaota nyasi, ikasimama kilima kizima chenye mvuke kileleni. Watalii wakapiga makofi. Muuza machungwa akahamia huko bila kuniaga. Bwana Mo akakitazama, akatoa kalamu, akarekebisha kibao.

"Hiki kitadumu," akasema, ameridhika.

Chelezo kikaondoka. Bibi Qin anasukuma, mnandi amelala, mimi nimekaa. Nimekaa kabisa, miguu majini, sina nilichoshika.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Saa kumi na mbili asubuhi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umeshalifungua hilo begi? Mchele unakuja saa mbili, na kamati inakuuliza vitunguu."

Nikaketi kitandani. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema, kwa adabu zote: "Shangazi, nimepika harusi saba, na zote nilizipika kwa moyo. Ya nane ni yangu. Basi langu la Dar ni saa moja."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Kwa hiyo umekataa."

"Nimekataa, shangazi. Lusajo mpeni hongera, nampenda."

"Basi vijana wanakuja kuchukua sufuria yetu," akasema, akakata.

Nikatoka barazani niisogeze karibu na geti, wasipate tabu. Ilikuwa palepale alipoitua jana, masizi yake yaleyale. Ila kwenye mshikio mmoja ulikuwa umeota mwanzi mchanga, urefu wa kidole, majani mawili, yamelowa.

Nikaishika kwa mikono miwili, nikavuta. Haikusogea. Nikaweka mguu ukutani, nikavuta tena.

Nikampigia shangazi. "Waje wengi," nikamwambia. Kisha nikavaa begi langu, jepesi, nikafunga geti.