Winchi ya Baba

Mimi hujibu swali kabla halijaisha, ndiyo tabia yangu. Mama ameshachoka kuniambia haraka haraka haina baraka.

"Elektroni, spini yake inaelekea kulekule inakokwenda," alisema Dk. Valerian, aliyenisaili ofisini kwao Shinyanga. "Helisiti yake?" Yaani spini, mzunguko wake, ni wa kulia au wa kushoto ukiifuata inakokwenda.

"Ya kulia."

"Nikisimama mbele yake, inanijia?"

"Ya kushoto!"

Akaandika kitu. Ufadhili wa shahada ya pili ya fizikia ulikuwa wa mtu mmoja tu, na nilikuwa nimekosea palepale ambapo baba yangu hakosei.

Baba anazungusha winchi, gogo lililoviringishwa kamba, kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo kule Geita. Yeye na Marwa, mwenzake wa kazi, hushika mipini miwili, huku na huku, wakitazamana. Mmoja akiona gogo linazunguka kulia, mwenzake analiona linakwenda kushoto. Ndiyo maana pale maneno kulia na kushoto ni marufuku. Aliye shimoni angeshushwa badala ya kupandishwa. Wao hufuata kamba tu: "Inapanda!" "Inashuka!"

"Daktari, naomba nirudie," nikasema. "Unaposimama hapabadilishi kitu. Tunafuata inakokwenda yenyewe. Bado ni ya kulia."

"Basi haibadiliki kamwe?"

Safari hii nilifikiri kwanza. "Inabadilika ukikimbia ukaipita. Kwako itaonekana inarudi nyuma, na spini iko vilevile. Hapo ni ya kushoto. Lakini fotoni, chembe ya mwanga, haina masi, hakuna wa kuipita."

"Sawasawa. Nani kakufundisha kufikiri hivyo?"

"Baba."

Akafunua fomu yangu. "Umeandika ni mfanyabiashara. Anauza nini?"

Uso ukaniwaka. Nilikuwa nimeijaza nikiwa Kahama, nikaona winchi si kitu cha kuandikwa mbele ya wasomi.

"Hauzi kitu, Daktari. Anazungusha winchi. Niliona haya."

Akasema taratibu, "Fomu iliyokatwakatwa hatupokei, binti. Ukipenda, iache ilivyo."

Nilimkasirikia, nikajikasirikia mwenyewe zaidi. Nikachukua kalamu nikalikata lile neno mfanyabiashara kwa mistari miwili, karatasi ikachanika kidogo.

Dk. Valerian akavuta mtoto wa meza, akanipa fomu mpya.

"Anza na mzazi," akasema.

Nikaandika polepole: Onesmo Magesa, mzungusha winchi.