Visogo vya Kapteni Dumlao

Jumamosi asubuhi, kahawa haijapoa, nyumba ya Siyang ilikuwa imeshajaa ndugu. Walikaa mkekani wakifunga vifurushi vya watoto wachanga: nepi za kitambaa, mkanda wa kitovu, kofia, soksi, kipande cha sabuni. Nguo zote walizishona wenyewe kwa vitambaa vya magunia ya unga, kama walivyofanya kila mwaka tangu Siyang afiwe na mumewe. Kilichotoka kwa Kapteni Dumlao, mkuu wa barangay, yaani mtaa wao, ni mifuko ya kutilia tu. Kila mfuko ulikuwa na sura yake akitabasamu, na chini yake jina lake kwa herufi nyekundu. Bila mifuko hiyo, alisema, ukumbi wa kugawia haufunguliwi.

Ligaya, kitinda mimba wa Siyang, akatoka chumbani na mwanawe begani. Baba wa mtoto alikuwa hajulikani. Ligaya alibembelezwa, akatukanwa, na bado hakumtaja.

Alipokanyaga mkeka, sura zote kwenye mifuko ziligeuka zikatazama kwingine. Vikabaki visogo, vimenyolewa vizuri, kila kimoja na kovu la jipu juu ya ukosi.

Pacita, dada mkubwa wa Siyang, alimaliza kwanza kukunja nepi aliyokuwa nayo.

"Kumbe ni huyu," alisema. "Na mimi namnunia yule muuza barafu wa watu, hata salamu simpi."

Ligaya akaketi akanyonyesha. Hakubisha.

Shemeji mmoja akashauri mifuko ichomwe moto. Siyang akakataa, watoto wa wenzao wamekosa nini? Kesho ilikuwa ubatizo wa mtoto, na padri alishauliza jina la baba. Siyang hakutaka ndoa, maana Kapteni alikuwa na mke, wala hakutaka matunzo. Alitaka mjukuu apewe jina, basi.

Mchana ukumbi ulifurika. Kapteni aligawa vifurushi kwa mkono wake, akipigwa picha na kila mzazi, na wazazi wakamshukuru yeye. Siyang alisimama kwenye foleni nyuma ya bintiye. Kila Ligaya alipopiga hatua, sura zilizokuwa mikononi mwa watu ziligeuka, mpaka ukumbi mzima ukawa visogo. Mwanamke mmoja akaupindua mfuko wake, akaona upande wa pili nao ni kisogo, akampakata mtoto wake vizuri. Minong'ono ikaanza nyuma, ikaja mpaka mbele, ikanyamaza.

Kapteni akauliza kwa upole ni nani aliyechapa mifuko ile.

"Kap," Siyang akasema, "mtazame mtoto. Sikuombi kitu kingine. Mpe jina lako."

Mtoto alikuwa na kidevu chenye mfereji katikati, kama cha Kapteni, na hakikuwa cha mtu mwingine yeyote barangay nzima. Mke wa Kapteni, aliyekuwa akimsogezea vifurushi, aliendelea kusogeza vifurushi.

Kapteni akamtazama mtoto. Kisha akacheka.

"Mama Siyang, binti yako alikuwa anapita chini ya mabango yangu kila siku na tumbo lake. Mimba ilinipenda tu. Mnanilaumu kwa kuwa na sura nzuri?"

Watu wakashusha pumzi, wakacheka naye. Hilo kila mtu alilijua: mimba ikimpenda mtu, mtoto hutoka na sura yake. Siyang mwenyewe ndiye aliyewaambia majirani kwamba alama nyeusi ya Ligaya shingoni ilitokana na matunda ya duhat aliyoyatamani yeye akiwa na mimba yake.

Kapteni akamkabidhi Ligaya kifurushi, akapiga naye picha. Picha ilipotoka, Ligaya na mtoto walitazama mbele na Kapteni alionyesha kisogo. Mpiga picha akasema mwanga ulikuwa mzuri.

Watoto wote wa ukumbi ule walirudi kwao na jina la Dumlao kwenye mfuko. Kesho yake wa Ligaya akabatizwa kwa jina la babu yake marehemu.

Mifuko ya mwaka uliofuata ilikuja imeshachapwa visogo tangu kiwandani, na watu wakamsifu Kapteni kwamba hapendi makuu. Siku hizi mgeni akimshika mtoto kidevu na kumtazama mara mbili, Siyang hamsubiri aulize.

"Ni mabango," husema.