Lundo la Udongo Ulioungua

"Simama! Masanja, simamisha hao ng'ombe!"

Cornelia alikuja mbio kadiri miguu yake ilivyomruhusu, kitenge kimemporomoka begani. Masanja akawazuia maksai wake kwa mluzi. Alikuwa amedamka makusudi amlimie jirani yake, maana tangu msimu uliopita mikono ya mama huyu haikuweza tena kuinua matuta ya Kifipa, yale ya kufukia nyasi chini ya udongo. Wema wa Msukuma yule haukuwa na breki.

"Shikamoo, Mama Zenon. Mbona hivyo? Nilitaka ukute kazi imekwisha."

Cornelia alimpita. Alikuwa akilitazama lundo la katikati ya shamba. Watu wa kale waliyeyushia chuma pale, enzi ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka, wakaacha udongo mwekundu ulioungua, mkaa na mavi ya chuma. Miaka yote Cornelia alilima akilizunguka, nyasi akaziacha zijiotee, na majirani wakamcheka kwamba uvivu wake una mahali pake. Sasa plau ilikuwa imelipasua ubavuni, na vigae vya chungu vimetapakaa kwenye mfereji.

Akapiga magoti. Aliokota kigae kimoja, kikamvunjikia mkononi.

"Nimevunja chungu cha wahenga?" Masanja aliuliza, akavua kofia.

"Si cha wahenga. Ni changu."

Ilimbidi aseme, na alisema huku machozi yakimtoka bila kuyafuta. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kimya. Hakubatizwa, na siku zile asiyebatizwa hakuzikwa pamoja na wengine. Mama mkwe wake, Stefania, alimlaza mtoto ndani ya chungu, akamleta hapa alfajiri. "Udongo huu umeshaungua," alimwambia. "Fisi haufukui." Kisha akamkataza kulia, na habari hiyo haikutajwa tena nyumbani. Hata Zenon hajui kwamba si yeye wa kwanza.

Masanja alichuchumaa kando yake. Hakukimbilia kusema pole, na Cornelia alimshukuru moyoni kwa hilo. Walikusanya vigae, wakavirudisha mahali pake. Masanja aliinua mguu asukume udongo, akasita, akatumia viganja. Cornelia alikata nyasi, akazilaza juu ya vigae kama alivyozoea kuzilaza anapoanza tuta, kisha wakafunika pamoja.

"Alikuwa wa kike?"

"Wa kike."

"Na jina?"

Jina alikuwa nalo. Alilichagua akiwa bado mjamzito, na miaka yote hiyo hakuwahi kulitamka, hata akiwa peke yake shambani. Aliogopa kwamba akilitamka hatanyamaza tena.

"Silvana," alisema.

Jua lilikuwa limeshapanda. Maksai walipunga mikia, wamechoka kungoja. Masanja alivaa kofia yake, akashika mishikio ya plau, akaigeuza ielekee pembeni.

"Haya, Mama Silvana," alisema. "Tangulia, unionyeshe nipite wapi."

Cornelia alisimama kitambo, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Kisha akafunga kitenge kiunoni, akatangulia. Nyuma yake, mfereji ulianza kupinda.