Matairi ya Kwenda kwa Elieth

Mwanamume akistaafu hutafuta kitu cha kumsumbua, na Ludovick alipata matairi. Wenzake waliotoka naye wizarani walifuga kuku au waligombea uenyekiti wa kwaya. Yeye alizunguka maduka ya Dodoma yote akibonyeza mpira kwa dole gumba kama anayenunua embe. Mkewe, Evodia, alikwenda naye kila mara, na chupa ya chai mkobani. Asubuhi hiyo, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya, waliondoka kwao Nkuhungu wakaenda kwa Nurdini, muuza matairi wa Makole. Ludovick aliapa kwamba leo harudi nyumbani bila kuamua.

Chanzo cha yote kilikuwa harusi. Binti yao wa pekee, Elieth, ni mwalimu katika kijiji cha mbugani kusini mwa Chamwino, na aliolewa hukohuko, katika ukoo wa mzee Matonya. Siku ya harusi Ludovick aliingia na gari lake la VX, jeupe, viti vya ngozi, matairi mapana ya kuringia lami, likazama kwenye tope jeusi mbele ya wakwe. Likavutwa na ng'ombe wanne. Na Wagogo kwa utani, usiseme. Akina mama walimtungia wimbo palepale, wakauliza gari la mkwe linakula majani au pumba. Alicheka nao, maana utani haununiwi, lakini jambo lile lilimchoma. Akatangaza mbele ya watu wote kwamba mjukuu akizaliwa, babu atamfuata na gari hilohilo, wala halitakwama.

Mjukuu alizaliwa mwezi wa tano, mvua zimekwisha, njia kavu kama sakafu. Hata baiskeli zilifika. Evodia alisema twende. Elieth akapiga simu, akasema basi yeye ndiye atamleta mtoto, atapanda lori la mnadani.

"Usimtese mjukuu wangu," baba yake alimjibu. "Nakuja mwenyewe."

Ila kwanza matairi. Haya yanapiga kelele kwenye lami, yale ubavu wake mwepesi, mengine yanagusa bodi gari likikata kona. Kiangazi kikapita chote na babu hajafika.

Nurdini alimwamkia mzee, akamwita fundi wake, Castory, apige jeki na kuvua matairi ya zamani. Kisha akaviringisha mawili mapya mpaka miguuni pa Ludovick.

"Hili ni la kila njia, mzee. Lami linakwenda, changarawe linakwenda. Na hili ni la matope hasa, ona kashata zake, haya meno ya mpira, zilivyochimbwa. Tope halikai humo, linajitupa lenyewe."

Ludovick alichuchumaa, akapitisha vidole kwenye mifereji ile polepole, huku na huku, kichwa ameinamisha. Mkewe alikaribia kucheka.

"Hili," akasema mwishowe. "Hili ndilo." Furaha ikamzidi. Akatoa simu, akaibonyeza, akamgeuzia Nurdini kioo. "Namfuata huyu. Mjukuu wangu. Itazame hiyo pua, ni yangu kabisa."

Nurdini aliitazama simu. Akamtazama mzee, akajiandaa kucheka akidhani ni mzaha. Uso wa mzee haukuwa na mzaha hata kidogo. Ndipo akamtazama Evodia.

Evodia akasogea. Kwenye kioo palikuwa na picha ya tairi.

Na maneno yale ya pua yalikuwa yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyeyasema siku picha ya mtoto ilipoingia, na mumewe akaishika simu muda mrefu bila kusema neno. Mambo yakamjia kwa mpigo: chai inayomwagika pembeni ya kikombe, bega linalogonga mlango. Na kule garini, miezi hii, mume kwenye usukani: "Zungumza, Mama Elieth, usininyamazie." Naye Evodia alifurahi kama mchumba, akawa anamtajia kila anachokiona njiani: bodaboda huyo, mbuzi hao, taa imekuwa nyekundu. Leo asubuhi walipita mbele ya shule, watoto wanavuka.

"Baba Elieth," alisema, "hiyo ni picha ya tairi."

Ludovick aliirudisha simu, akaukosa mfuko mara ya kwanza. Nurdini akaondoka taratibu.

"Tangu lini?" Evodia akauliza.

"Jicho la kulia lilikwenda zamani. La kushoto nilikuwa naona kama kwenye tundu la ufunguo. Sasa hata hilo tundu lina ukungu."

"Hospitali walisemaje?"

"Presha ya macho. Wakasema nimechelewa, kilichokwenda hakirudi."

"Mimi ukaniambia ni vumbi la Dodoma."

"Ungeninyang'anya ufunguo."

"Ningekupeleka ukamwone mtoto!" Evodia alipiga kelele mpaka mafundi wakageuka. "Mwezi wa tano ulikuwa unaona! Ungemwona!"

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Kwa Ludovick kifo hakikuhitajika, simu ilitosha.

"Twende hata leo," Evodia akasema, sauti imeshuka. "Castory atatuendesha."

"Nikafanye nini? Waniwekee mtoto mapajani nimpapase kama tairi? Nishikwe mkono mbele ya wakwe?" Alikuwa amekaa juu ya rundo la matairi, mzee mzima. "Siendi. Na Elieth asijue."

Kwa kitambo Evodia alimchukia, nisimpambe. Alimchukia kwa kiburi chake, kisha akajichukia yeye aliyemsindikiza duka kwa duka akimmiminia chai, asione kitu na macho yake mawili mazima. La kuvunda halina ubani.

Castory alikuja akijifuta mikono. "Mama, tufunge haya ya matope?"

Gari lilikuwa juu ya magogo, halina tairi hata moja. Evodia alimtazama mumewe.

"Funga," Ludovick akasema.

Yalipofungwa, alikwenda kwa mazoea mpaka mlango wa dereva, akashika kitasa, akasimama. Alisimama hivyo mpaka mkewe alipomshika kiwiko na kumzungusha upande wa pili. Castory aliendesha.

Mvua ilianza wiki hiyohiyo. VX lilikaa uani, vile vinyweleo vya mpira mpya bado vimesimama kwenye matairi, kuku wakijikinga chini yake. Jumapili, baada ya misa, Elieth akapiga simu. Mtoto ameota jino. Njia imeanza kuharibika, lakini gari la maana bado linapita. Mnakuja lini, mama?

Ludovick alikuwa kitini, amesikia yote. Akatikisa kichwa.

Evodia alichungulia dirishani, akalitazama gari.

"Baba yako bado anachagua matairi, mwanangu," akasema.