Rupia ya Lakhamshi

Mimi niliacha shule darasa la tano, na kinachonilisha ni mashine ya kutafutia chuma chini ya ardhi. Ni fimbo ndefu yenye sahani mwishoni, na vya kusikilizia masikioni. Muitaliano mmoja aliniachia alipofunga nyumba yake akarudi kwao. Kazi yangu kubwa iko Watamu, ufuoni, watalii wakipoteza pete mchangani. Napitisha mashine, napata, narudisha. Sharti langu ni hilo: ukipata kitu, kwanza mtafute mwenyewe. Sharti hilo nusura limpotezee shemeji yangu shamba.

Kabibi ni mke wa marehemu kaka yangu. Anakaa Matsangoni, ndani kidogo ya barabara, na muhogo wake na minazi michache. Hati hana. Majirani wengi hawana. Mara kwa mara huja mtu na makaratasi yake akisema babu yake aliinunua sehemu yote ile, kwa hiyo gari geni likisimama pale, watu huacha majembe wakatazama.

Siku hiyo alikuwa amepoteza ufunguo wa ghala akipalilia. Niliupata upesi. Nikawa narudi, na karibu na mawe ya zamani ambayo Kabibi huanikia makopa ya muhogo, mashine ikalia kwa nguvu. Nikachimba mpaka kiwiko. Ikatoka rupia ya fedha, nyeusi kama chungu. Upande mmoja una kichwa cha mfalme. Upande wa pili ulipigwa tupa ukawa laini, kisha ukachongwa jina, LAKHAMSHI, na ua dogo chini yake.

"Irudishe chini," Kabibi akasema.

"Shemeji, hii ni fedha tupu."

"Ndiyo maana nakwambia irudishe. Mwenyewe akija kuifuata, atapatazama na ilipotoka."

"Mwenyewe keshakufa zamani huyu."

"Na wajukuu je? Hao nao wamekufa?"

Nikacheka nikaitia mfukoni. Malindi kuna duka la vifaa vya ujenzi lenye jina hilo hilo juu ya mlango. Nilikwenda.

Kwenye kaunta alikaa mtu wa makamo, Chetan, mjukuu wa Lakhamshi. Aliigeuza rupia mara moja tu, akanitazama mimi badala yake.

"Wauza?"

"Siuzi. Namtafuta mwenyewe."

"Juzi alikuja mwingine na kipande cha shaba, eti ni dhahabu ya Mreno. Naye pia alikuwa hauzi."

"Basi nipe yangu niondoke."

Hakunipa. Aligeukia nyuma akaita, "Foi! Njoo uone," na foi kwao ni shangazi. Akatoka mama mzee mwembamba, miwani imening'inia kifuani. Nikampa shikamoo, akaitika vizuri. Ndiye Jayshree, binti wa Lakhamshi mwenyewe. Alipoiona rupia, aliichukua akaigusisha kwenye paji la uso, macho kayafumba.

"Ilikuwa ndani sana?" akaniuliza.

"Kiwiko hivi."

"Kwenye kona? Kulikuwa na mawe?"

Hapo nikaanza kushuku. Mtu aliyepoteza pete hulia, hucheka, huivaa. Haulizi ilikuwa kona gani. Na Chetan naye kabadilika. Kiti kikaletwa, soda baridi ikafunguliwa. Nilipoingia nilikuwa tapeli, sasa nimekuwa kaka.

"Kaka, kunywa," akasema. "Unajua hii ni nini? Sisi tukijenga, kabla ya jiwe la kwanza, hufanywa ibada na sarafu huzikwa kwenye msingi. Babu yangu alichonga zake kwa jina. Ikionekana rupia hii, hapo palikuwa na jengo letu." Akanisogezea simu, ramani iko wazi. "Nionyeshe tu kwa kidole."

Nikaiweka soda chini. Kumbe nimebeba kwa mkono wangu mwenyewe kitu cha kumtoa Kabibi shambani, nikakileta mpaka kaunta, tena kwa jasho langu.

"Jilore," nikasema.

"Jilore?"

"Ndani huko. Kwa mzee mmoja. Jina silijui."

Jayshree alikuwa anakwangua kwa ukucha udongo ulioganda kwenye ua. Udongo ule ulikuwa mweupe, wa matumbawe. Wa Jilore si mweupe. Nikaona ameuona, na akaona kwamba nimemwona.

"Jilore," akarudia polepole. "Haya."

Niliiacha rupia pale pale. Bila kujulikana mahali ilipotoka haiwezi kumsaidia mtu. Chetan akaniita, sikugeuka. Sikuelekea nyumbani pia. Nilipanda gari la kwenda upande wa Ngomeni, nikashuka njiani, nikangoja nione kama kuna pikapu inanifuata. Ndipo nikarudi.

Kabibi nilimweleza yote. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Basi utalala hapa na mashine yako mpaka waje."

Wakaja. Yaani alikuja mmoja. Siku mbili baadaye, asubuhi, tuktuk ilisimama barabarani, akashuka Jayshree peke yake, akakata njia kupitia muhogoni bila kumwuliza mtu. Kabibi alisimama na jembe lake, kiti hakutoa. Mama yule akamsalimu kwa Kigiriama safi.

"Lugha yangu umeijulia wapi?" Kabibi akauliza.

"Hapo." Akaonyesha kwenye makopa. "Nilizaliwa chumba cha nyuma ya duka la baba. Baadaye tukahamia mjini."

"Sasa umekuja kupachukua."

"Nimekuja kuirudisha." Akafungua kitambaa, rupia imesuguliwa inang'aa. "Ya msingi haitolewi. Ikitoka, haikai nyumbani kwa mtu."

"Zika uende."

"Siwezi. Kwetu huizika mwenye nyumba, kwa mkono wake. Mwenye nyumba ni wewe."

"Usiiguse, Kabibi!" nikasema. "Huenda kuishika ni kukubali jambo."

Mama akanigeukia. "Na wewe wa Jilore bado upo?"

Kabibi alikuwa anamkazia macho. "Mwanao wa dukani ajua uko hapa?"

"Chetan? Jana alikwenda Jilore kutwa nzima, anauliza watu mawe ya kona. Amerudi na matope mpaka magotini na kuku aliyelazimishwa kununua."

Kabibi akacheka, kwanza kwa pua, halafu kweli. Akapiga magoti, akachimbua lile shimo langu, akaipokea rupia na kuizika kwa mkono wake. Mama hakuomba kitu ila makopa. Alifungiwa hayo kwenye kitambaa kile kile, akarudi zake barabarani.

Lakini maneno si hati. Nilimfuata mpaka tuktuk, nikachungulia ndani, hapakuwa na mtu mwingine ila dereva. Niliporudi Kabibi alikuwa anapanga makopa upya juu ya mawe.

"Unachorachora nini hapo kiganjani?" akaniuliza.

"Nambari ya ile tuktuk. Wakija na makaratasi, dereva ajua alimleta nani hapa."

Hakunambia niifute.